Sailensa ya Pikapu: Kitu Kimoja, Bei Tatu

Jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, ana Hilux ya zamani ya dizeli inayobeba viazi kutoka Isongole. Masika yalipoisha sailensa ikawa imeoza, na sasa hata ukiwa umelala unajua amefika kabla hajakata kona ya mtaa. Alizunguka gereji tatu, Mwanjelwa hadi Mafiati, na swali moja tu: "Ekzosti bei gani?" Akarudi na bei tatu zisizosalimiana. Ya kwanza angeilipa kwa gunia moja la viazi. Ya tatu ingemmezea magunia matano na chenji.

Kila fundi alimpa na mahubiri juu yake. Wa kwanza: ng'oa kila kitu, weka bomba tupu, gari litapanda Mlima Nyoka kama halina mzigo. Wa pili: ukiondoa sailensa injini inakosa mgandamizo wa moshi, itakufa. Wa tatu akajitolea kumtolea masega, yale ya kusafisha moshi, bure. Hilux ile haijawahi kuwa na masega tangu ilipotoka kiwandani.

Hawakuwa matapeli wote. Kwa sehemu kubwa walikuwa wanajibu maswali matatu tofauti, kwa sababu neno "ekzosti" mtaani limebebeshwa mzigo kuliko pikapu yenyewe.

Tulifungue basi. Moshi ukitoka kwenye injini unapokelewa na manifodi, chuma chenye matawi kama vidole vya mkono vinavyokutana kwenye kiganja. Kama injini ina turbo, feni ya kuishindilia injini hewa, moshi unapita humo kwanza na kuizungusha. Halafu linakuja bomba la mbele. Kwenye magari ya petroli ya miaka ya karibuni, na baadhi ya dizeli mpya, hapo kuna masega: kopo lenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, kazi yake kusafisha moshi. Baadhi ya pikapu mpya za dizeli zina pia kichujio cha kukamata masizi. Baada ya hapo huenda ukakuta kopo jembamba, resoneta, linaloondoa aina fulani ya mvumo. Ndipo inakuja sailensa yenyewe, kopo kubwa ambalo wengine wanaliita mafla, kazi yake kupunguza kelele na si kitu kingine. Mwisho ni bomba la mkia.

Kwa hiyo fundi akikutajia bei, swali la kwanza si "punguza". Ni "bei ya nini?" Kopo peke yake? Kopo na bomba la mkia? Au kila kitu kuanzia manifodi? Jirani yangu aligundua kwamba bei ya chini ilikuwa ya kopo la bati tu, na ile ya juu ilikuwa ya mfumo mzima. Alikuwa analinganisha bei ya tairi moja na bei ya tairi nne.

Sasa kelele inatoka wapi? Kila valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi yenye moto na shinikizo inatoka kwa kishindo, kama mtoto anapojaza hewa mfuko wa karatasi na kuupasua. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inapasua mifuko 4,000 kwa dakika hiyo, yaani kama 67 kila sekunde. Sikio halihesabu tena, linasikia ngurumo. Sailensa inatakiwa ipitishe gesi yote hiyo bila kuikwamisha, na wakati huohuo isiruhusu sauti itoke. Ni kama bawabu anayetakiwa kuruhusu watu wapite lakini maneno yao yabaki ndani.

Anafanyaje? Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni vyumba: ndani ya kopo kuna kuta, na sauti inagonga, inarudi, inakutana na sauti nyingine inayokuja, zinapunguzana. Watu wawili wenye nguvu sawa wakisukuma mlango mmoja kutoka pande mbili, mlango hausogei. Ya pili ni kufyonza. Nyumba mpya isiyo na samani, ukikohoa inakukohoa tena. Ukishaingiza magodoro na magunia ya mahindi, inanyamaza. Sailensa ya namna hiyo ina bomba lililonyooka, limetobolewa vitundu pande zote, na kulizunguka kumefungwa pamba ya kioo inayomeza sauti.

Ya vyumba ni tulivu na inavumilia miaka, lakini inabana moshi kidogo. Ya bomba lililonyooka haibani karibu chochote, ila ina sauti zaidi, na pamba yake ikishaungua au kulowa inakuwa debe. Katikati kuna ile ambayo bomba linajikunja ndani kama herufi S, na kwa pikapu ya kazi mimi huielekea hiyo. Kuna pia aina ya nne, ya kwetu: kopo la zamani limepasuliwa, limejazwa steelwire ya kuoshea sufuria, limechomelewa tena. Inanyamaza kweli, wiki chache. Halafu nyuzi zinaungua, zinatoka vipandevipande, na unarudi kulekule.

Tuje kwenye nguvu, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Mbeya mjini ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Njombe iko juu zaidi. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Piga hesabu: pikapu uliyoijaribu Dar es Salaam ukaipenda, ikifika Mbeya imeshaacha karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake njiani. Kama ni dizeli, na pampu inamwaga mafuta kama ilivyopimwa pwani, inatoa pia moshi mweusi kwa sababu hewa haitoshi kuunguza mafuta yote. Mwenye gari anaona nguvu imepungua na moshi umeongezeka. Anahitimisha nini? Ekzosti imeziba. Anaikata. Kumbe angeanza na chujio la hewa, nozeli na pampu, na hata hivyo kuna sehemu ya nguvu ambayo mlima umeichukua na hairudi kwa spana. Mwenye turbo haumii sana, kwa kuwa turbo inaishindilia hewa hiyo nyepesi kabla ya kuiingiza.

Mbona basi kila kijiwe kina mtu anayeapa kwamba alitoa sailensa gari likaruka? Wengine wanasema kweli. Sailensa ya zamani ya vyumba huoza ndani kwanza. Ukuta mmoja unang'oka, unalala kwenye mdomo wa bomba, na hapo injini inapumua kama mtu aliyezibwa pua. Ukiitoa sailensa hiyo gari litapata nguvu hakika, ila ungeweka nyingine nzima ungeipata nguvu ileile, bila kelele. Utaijua kwa kuigonga kwa ngumi au nyundo ya mpira gari likiwa limepoa: ikilia chekechekecheke, ndani kumevunjika. Wengine wamedanganywa na masikio yao. Gari likinguruma, mtu anahisi linakimbia.

Na yule anayesema injini inahitaji mgandamizo? Ameshika mkia wa ukweli. Injini haihitaji kuzibwa. Inachohitaji, hasa ya petroli isiyo na turbo, ni moshi utembee kwa kasi ndani ya bomba, kwa sababu msukumo wa moshi unaotangulia husaidia kuvuta unaofuata. Ukimwagilia bustani kwa mpira, ukibana mdomo kwa kidole maji yanaruka mbali. Ukiuachia yanamwagika miguuni. Bomba likipanuka kupita kiasi, moshi unakuwa mvivu, na gari linapoteza mvuto pale chini unapoondoka na mzigo. Watu hawaoni jinsi bomba linavyopanuka haraka. Kutoka inchi 2 kwenda inchi 2 na nusu ni nusu inchi tu kwa macho, lakini nafasi ya moshi kupita inaongezeka kwa asilimia 56. Kwa dizeli isiyo na turbo, kama ya jirani yangu, kaa kwenye kipimo cha kiwandani au panda hatua moja ndogo. Kwa dizeli yenye turbo mambo yanageuka: baada ya turbo, kadiri moshi unavyotoka kwa urahisi ndivyo turbo inavyofanya kazi vizuri, na bomba la inchi 2 na nusu au 3 lina maana. Turbo yenyewe inapunguza kelele pia, kwa hiyo sailensa iliyonyooka kwenye gari la aina hiyo haisumbui majirani sana.

Vijana wananionyesha video za pikapu za Marekani na kuuliza sailensa gani itatoa sauti ile. Hakuna. Zile nyingi ni V8 za petroli. Kwa mzunguko uleule zinapasua mifuko maradufu, na kwa mpangilio usiolingana kila upande, ndiyo maana zinagugumia. Silinda nne za dizeli ukizifungulia zinatoa sauti ya mashine ya kusaga, yenye kelele zaidi.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma niliweka sailensa iliyonyooka kwenye pikapu yangu, kwenye gereji moja ya mjini ambayo sitaitaja, na nikaona nimepatia. Mjini ilisikika vizuri. Safari ya kwanza ya Iringa, zaidi ya kilomita 300, ndipo nilipokutana na mvumo. Kwenye kasi ya 80, pale pale ambapo unataka kukaa, kabini nzima ilikuwa inatetema kwa sauti moja nzito isiyokatika. Nilifika Makambako kichwa kinagonga. Nikaongeza mwendo, ukapotea, nikapunguza, ukarudi. Fundi alinijaribia gari likiwa limesimama, tena kwa kukanyaga moto mara mbili, na hapo mvumo hausikiki. Niliishia kulipa mara ya pili kuongeza resoneta. Siku hizi nikifunga sailensa, kabla ya kumaliza malipo naomba tutoke hadi Mbalizi na kurudi, vioo vimefungwa.

Kuhusu masega nitasema machache. Ukisikia mtu anakutolea bure, jiulize analipwa na nani. Ndani ya sega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayouzwa kwa gramu. Inawezekana kabisa kwamba kilichotolewa "bure" kina thamani kuliko sailensa mpya unayonunua. Gari lenye sensa nyuma ya masega litakuwashia taa ya injini kwenye dashibodi, na moshi utatoka mchafu. Masega yakiziba kweli huwa kuna sababu, mara nyingi injini inayokula oili au plagi zinazokosa moto, na hata ukiweka mapya yataziba tena usipotibu chanzo.

Sasa chuma, maana bei kwa sehemu kubwa iko hapo.

Watu wanadhani sailensa inaoza kwa matope ya barabarani. Matope yana mchango, hasa kwa wenzetu wa Tukuyu ambao mvua haiwaachi na udongo unaganda chini ya gari ukiwa umelowa. Lakini adui mkubwa yuko ndani. Kila lita ya mafuta inayoungua inazaa karibu lita moja ya maji, yanayotoka kama mvuke. Injini na bomba vikiwa vya moto, mvuke unapita na kwenda zake. Asubuhi ya Juni hapa Mbeya, au Makete ambako majani yanaamka na barafu, bomba ni la baridi, na mvuke unageuka maji humohumo, yakichanganyika na tindikali kidogo ya moshi. Ndiyo maana unaona magari yanadondosha maji nyuma asubuhi. Si lazima gasketi imekufa. Kama maji ya rejeta hayapungui na moshi mweupe unaisha gari likipata moto, hilo ni baridi tu. Ila anayeendesha kutoka Uyole hadi Mwanjelwa, anazima, anarudi, anazima, sailensa yake haipati joto la kukauka hata siku moja. Itaoza kabla ya ile ya mwenzake anayekwenda Tunduma kila siku.

Kiwanda kinalijua hilo. Sailensa nyingi zina katundu kadogo chini, upande ulio chini zaidi, ka kutolea maji. Ukikaona usiseme imetoboka.

Bati jeusi la kawaida ndilo rahisi na ndilo la kwanza kwenda. Bati lililopakwa alumini linaishi muda mrefu zaidi, kwa sharti kwamba sehemu zilizochomelewa zipakwe rangi ya kuhimili moto, kwa sababu moto wa kuchomelea unaunguza ule mpako. Halafu kuna chuma kisichoshika kutu. Hapo utaona watu wanatoa sumaku mfukoni: ikinasa, wanasema feki. Si hivyo hasa. Kuna daraja la 304, ambalo kwa kawaida sumaku hailishiki, na kuna 409, ambalo sumaku inalishika vizuri na bado ni chuma halali cha ekzosti, kinachotumiwa na viwanda vya magari vyenyewe. 409 hupata kutu ya juujuu, kahawia, lakini hailiwi haraka. Kwa hiyo sumaku ikinasa kwa nguvu, inakwambia muuzaji anayedai "304" hasemi kweli. Haikwambii zaidi ya hapo.

Bomba la maji la zinki likataliwe kabisa. Ni zito, linavuta raba za kuning'inizia hadi zinakatika, na zinki yake ikichomwa inatoa mvuke unaompa fundi homa usiku.

Tufanye hesabu sasa, na kwa kuwa shilingi inabadilika, nitatumia magunia ya viazi, gunia halali na si lumbesa. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme sailensa ya bati ni magunia 2, kufunga nusu gunia, na inaishi miaka 2. Hiyo ni gunia moja na robo kwa mwaka. Ya chuma kisichoshika kutu ni magunia 5, kufunga nusu, na inaishi miaka 8. Hiyo haifiki hata robo tatu ya gunia kwa mwaka. Ghali imekuwa rahisi. Lakini kama unakusudia kuuza gari mwakani, umemnunulia mwenzako sailensa. Na kama bomba la mbele na la mkia yameshaoza, kopo la magunia 5 linaning'inia kwenye mabomba ya kufa kesho. Kila yakikatika unalipa tena kuchomelea. Mtumba wa kiwandani, uliokatwa kwenye gari la Japani, unaweza kuwa chaguo zuri kuliko yote hayo: upime uzito mkononi, utikise, usikilize kama kuna kinachocheza ndani.

Wanaoagiza nje wakumbuke kwamba sailensa ni kopo la hewa na kwenye ndege wanalipia hewa hiyo. Kifurushi cha sentimita 60 kwa 28 kwa 18, ukizidisha na kugawa kwa 5,000 kama wafanyavyo wasafirishaji wengi, kinahesabiwa kilo 6, hata kama mizani inasoma 4. Ukifika bandarini au uwanja wa ndege kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 juu yake. Bei ya kwenye tangazo ni mwanzo wa safari. Tena kabla ya kuagiza pima kwa kalipa kipenyo cha nje cha bomba lako, maana mdomo wa sailensa hupimwa kwa ndani ili uvae juu yake, na angalia bomba linaingia katikati au pembeni. Tairi la akiba chini ya bodi la Hilux halisogei kwa ajili ya mtu.

Kuhusu kufunga, mawili. Terminali ya hasi ya betri itolewe kabla ya kuchomelea, la sivyo unaweza kuchoma kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, na hesabu zote hapo juu zikawa utani. Na bomba la mkia litoke hadi nje ya bodi. Mtindo wa kukata moshi uishie chini ya kabini unaokoa futi chache za bomba na kuwaletea walio ndani, au waliojifunika turubai kule nyuma, kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Injini ya petroli inaitoa kwa wingi zaidi, lakini hakuna moshi wa injini wa kulala nao. Huku kwetu baridi inafanya watu wafunge vioo vyote. Moshi ukishaingia, hautoki. Ukiumwa kichwa na kusinzia kila safari, na ukishuka unapona, chungulia chini ya gari kabla ya kwenda hospitali.

Sheria nayo ipo: ile ya Usalama Barabarani ya 1973 haitaki gari bovu barabarani, na ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaihesabu kelele kama uchafuzi.

Jirani yangu hatimaye alichagua kopo la bati lililopakwa alumini, la bomba linalojikunja, inchi 2 kama lililotoka kiwandani, na bomba jipya la mkia. Magunia matatu na nusu kwa jumla, kazi ikiwemo. Nilimsindikiza. Fundi alichomelea vizuri, akapiga rangi kwenye viungo, halafu akainama tena chini ya gari na elektrodi mkononi.

"Mzee, hii mpya lakini ina katundu huku chini," akasema. "Nakaziba bure."

Jirani yangu alikuwa ameshamshika mkono.